Eric Michaels na Picha za Wawarlpiri wa Yuendumu

Makala haya yahusu kazi ya mtu mmoja katika mji mmoja. Mtu huyo ni Eric Michaels, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948, akapata udaktari wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mji wenyewe ni Yuendumu, makazi ya Wawarlpiri katika nyika kavu ya Australia ya kati, yapata kilomita 300 kaskazini-magharibi ya Alice Springs. Michaels alifika Australia mwaka 1982, akafanya utafiti wake kwa miaka michache tu, na mwaka 1988 akafariki akiwa na umri wa miaka 40. Kazi yake sijaiona ikitajwa mara nyingi katika majarida yetu ya Kiswahili. Nadhani yastahili kutajwa, wala si kwa ajili ya televisheni, ambayo ndiyo iliyompeleka huko, bali kwa ajili ya jambo alilolikuta njiani. Nalo ni hili: kwamba wako watu ambao kwao neno na picha ni mali yenye mwenyewe, na mwenyewe huyo si lazima awe yule aliyelitamka neno, na kwa hakika si yule aliyelinasa.

Kwanza niseme kidogo juu ya majina, maana msomaji wa jarida hili hatanisamehe nikiyapita. Tumezoea kusema Waaborijini, kana kwamba ni taifa moja lenye lugha moja. Waingereza walipotia nanga mwaka 1788 palikuwa na lugha zaidi ya 250 katika bara lile, na Kiwarlpiri ni moja tu kati yake. Jina lenyewe limeandikwa kwa namna mbalimbali. Katika kitabu maarufu cha Nancy Munn cha mwaka 1973 laandikwa Walbiri. Tahajia ya sasa imetokana na kazi ya wanaisimu, akiwamo Kenneth Hale, aliyeanza kuisoma lugha hiyo mwaka 1959, na ya Wawarlpiri wenyewe waliofundisha katika shule ya Yuendumu baada ya mpango wa kufundisha kwa lugha mbili kuanzishwa mwaka 1974. Shule hiyo tutairudia, kwa kuwa milango yake imeingia katika historia.

Kila Mwarlpiri ana jina la fungu pamoja na majina yake mengine. Mafungu ni manane, na kila fungu lina jina la kiume lianzalo kwa J na jina la kike lianzalo kwa N. Kwa hiyo kaka akiwa Jupurrurla dada yake ni Napurrurla, na akiwa Japaljarri dada yake ni Napaljarri. Ukilisikia fungu la mtu umekwisha kujua wewe ni nani kwake, unaweza kumwoa au huwezi, utakaa naye karibu au utamkwepa. Hata mgeni akikaa sana hutiwa katika fungu, maana asiye na fungu hana mahali pa kuketi. Mfumo huu wahitaji kukumbukwa katika yote yafuatayo, kwa sababu ndio unaotawala pia nani achore nini na nani aimbe nini.

Neno la pili ni zito zaidi. Wawarlpiri husema Jukurrpa, na Wazungu wamelifasiri kwa neno lao la ndoto. Fasiri hiyo ilianzia kwa jirani zao Waarrernte, katika maandishi ya F. J. Gillen ya mwaka 1896, kisha ikaenezwa na kitabu alichokitoa pamoja na Baldwin Spencer mwaka 1899. Haikutoka hewani: Jukurrpa laweza kweli kutaja ndoto ya usiku. Lakini hutaja pia viumbe wa kale waliotembea nchi hii wakaiumba, njia walizopita, visima na mawe waliyoyaacha, sheria waliyoiweka, wimbo na mchoro unaosimulia safari yao, na haki ya jamaa fulani juu ya hayo yote. Nimejaribu kulitafutia neno la Kiswahili nikashindwa. Ndoto lapotosha, kwa kuwa kwetu ndoto ni ya mtu binafsi na asubuhi huisha. Asili lakaribia, lakini asili imekwisha kupita, ilhali Jukurrpa ipo hata sasa. Mila haina ardhi ndani yake. Basi nitaliacha kama lilivyo, nikiamini kwamba neno la kigeni lililoelezwa lafaa kuliko neno la kwetu lisilotosha.

Yuendumu ilianzishwa na serikali mwaka 1946, iwe mahali pa kugawia posho na kuwakusanya watu waliokuwa wametawanyika. Kutawanyika huko kulikuwa na sababu. Mwaka 1928, baada ya mzungu mmoja mtega mbwamwitu kuuawa karibu na shamba la mifugo la Coniston, kikosi kilichoongozwa na askari polisi George Murray kilizunguka nchi ile kikiwaua watu kwa risasi. Hesabu ya serikali ni 31, na wenyeji husema waliokufa ni wengi zaidi ya hao. Uchunguzi uliofanywa haukumtia mtu yeyote hatiani. Waliokimbia, pamoja na watoto wao, ndio waliokuwa wazee wa Yuendumu katika siku za Michaels.

Hakuwa mtaalamu wa kwanza kufika huko. Nancy Munn alikaa Yuendumu kati ya mwaka 1956 na 1958, akawatazama wanawake wakisimulia hadithi huku wakichora mchangani kwa vidole, wakifuta na kuchora tena. Alionyesha kwamba alama chache tu, duara, mstari, umbo la nusu mwezi, zatosha kubeba maana nyingi, kwa kuwa duara laweza kuwa kisima, moto, kambi au tunda, kwa kadiri ya hadithi. Mwanaisimu akisoma kurasa zile hujiona yuko nyumbani. Michoro iliyo mali ya Jukurrpa huitwa kuruwarri, na ndiyo iliyochorwa miilini, mchangani na juu ya ngao kabla rangi za dukani hazijafika.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 serikali ya Australia ilikuwa ikijiandaa kurusha setilaiti ya mawasiliano, AUSSAT, ambayo ingefikisha televisheni katika kila pembe ya bara. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Agosti 1985. Wengi waliogopa kwamba vipindi vya mijini vingezifuta lugha na mila za watu wa nyikani. Taasisi ya taifa ya mambo ya Waaborijini iliyoko Canberra ikamtuma Michaels akapime athari hiyo, yaani atazame hali kabla ya televisheni na baada yake, kama daktari anayepima homa kabla ya dawa na baada ya dawa.

Kipimo hakikufaa. Alipofika Yuendumu alikuta watu wamekwisha kununua mashine za video na kutazama sinema za Hollywood usiku kucha, tena kwa namna yao. Watazamaji waliuliza maswali ambayo mtengeneza sinema hakuyawazia: huyu shujaa mama yake yuko wapi, na shemeji yake anatunzwa na nani? Katika masimulizi ya Kiwarlpiri mambo hayo ndiyo yasemwayo, na tabia ya mtu au sababu za moyoni mwake huachiwa msikilizaji ajazie mwenyewe. Hollywood hufanya kinyume chake. Michaels alisema, nami naona alisema kweli, kwamba watu hawa hawakuwa wamemezwa na sinema: waliisoma kwa sarufi yao.

Palikuwa na kijana wa Kiwarlpiri, Francis Jupurrurla Kelly, aliyetaka zaidi ya kutazama. Pamoja naye na wazee, tangu mwaka 1983, kazi ya kutengeneza video ilianza kupata umbo, nayo ikaja kujulikana kwa jina la Warlpiri Media Association. Mwaka 1984 walikwenda Coniston kunasa masimulizi ya mauaji. Michaels ameieleza video hiyo kwa urefu, na hizo ni kurasa bora kabisa za maandishi yake. Mgeni akiitazama huona mandhari tu: kamera yageuka polepole juu ya nyika, yasimama penye mti fulani, yaendelea, yakaza macho juu ya kilima kisicho na kitu. Akidhani ni mkono usiozoea, amekosea. Jupurrurla alimweleza kwamba kamera hufuata njia. Hapa walipita viumbe wa kale, pale walitokea wazungu wenye bunduki, nyuma ya mti ule yuko asiyeonekana. Kilichokuwa kitupu kwa Michaels kilikuwa kimejaa kwa mpiga picha.

Tena msimulizi hakwenda peke yake na mpiga picha. Walifuatana na jamaa wengi ambao hawaonekani kabisa katika picha, na bila wao kazi isingekuwa halali. Kwa Wawarlpiri kila Jukurrpa ina pande mbili. Kirda ni wale walioirithi kwa upande wa baba: wao huicheza na kuiimba. Kurdungurlu ni wale waihusuo kwa upande wa mama: wao huandaa, hulinda, na kusema hapa umekosea. Kirda hawezi kutenda bila kurdungurlu kushuhudia. Mgawanyo huo ukahamia katika kazi ya video, ukaamua nani asimame mbele ya kamera na nani awe nyuma yake. Msomaji wetu atakumbuka watani kwenye mazishi, ambao ndio wenye kazi zisizoweza kufanywa na wafiwa. Mambo hayo si mamoja, ila mfano wasaidia kuona jinsi mtu wa upande wa pili anavyoweza kuwa sharti la kazi, ilhali mgeni humwona kuwa msaidizi tu.

Mwezi Aprili 1985 Yuendumu ilianza kurusha matangazo yake yenyewe kwa mtambo mdogo, bila leseni. Jupurrurla aliketi mbele ya kamera, akasoma matangazo ya kijiji kwa Kiwarlpiri, akaonyesha kanda, akainuka kurekebisha mitambo, akarudi kuketi. Michaels alisaidia kupata vyombo. Hakujificha nyuma ya neno mtafiti: aliandika waziwazi kwamba alikuwa mshiriki, na ripoti yake ya mwaka 1986 aliiita kwa jina lenye ubishi kidogo, akidai kwamba Waaborijini wa Australia ya kati wameivumbua televisheni. Nayo serikali, baada ya kuona yaliyotokea Yuendumu na kwa jirani zao wa Ernabella, ilianzisha mwaka 1987 mpango wa kuvipa vijiji vya mbali vyombo vya kukatiza matangazo ya setilaiti na kutia ya kwao.

Wakati huohuo kulikuwa na milango. Mwaka 1983 mkuu wa shule aliwaomba wazee wapake milango ya madarasa michoro yao, ili watoto waione na kuiheshimu. Wazee watano, miongoni mwao Paddy Japaljarri Stewart na Paddy Japaljarri Sims, wakachora milango 30 kwa rangi za dukani. Stewart alikuwa ameshiriki mwaka 1971 kuchora ukuta wa shule ya Papunya, mahali ilipoanzia michoro hii kuuzwa ulimwenguni. Lakini milango haikuchorwa iuzwe. Ilichorwa ifunguliwe na kufungwa na watoto, ipigwe na jua na vumbi, na watoto wakaiandika majina yao juu yake bila haya. Mwaka 1985 wachoraji wa Yuendumu waliunda chama chao, Warlukurlangu, na mwaka 1987 kikatolewa kitabu cha milango hiyo, hadithi zikiwa zimeandikwa kwa Kiwarlpiri pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Michaels aliandika maelezo ya mwisho. Mwaka 1995 milango yenyewe iliondolewa ikanunuliwa na Makumbusho ya Australia Kusini mjini Adelaide.

Katika insha yake ya mwaka 1988 juu ya sanaa mbaya ya Waaborijini, Michaels aliuliza swali ambalo wauzaji hawakulipenda: mbona hapana anayesema kwamba mchoro huu ni mbaya? Kila turubai husifiwa kuwa ni halisi, ya miaka maelfu, na kwa hiyo nzuri. Lakini ambapo hapawezi kuwa na kibaya hapana kizuri pia, bali kuna bei tu. Wawarlpiri wenyewe walikuwa na hukumu zao. Walimwuliza mchoraji kama ana haki ya kuichora Jukurrpa ile, na kama kurdungurlu wake ameridhika. Mchoro usio na ruhusa ni mbaya hata ukipendeza macho. Mnunuzi wa Sydney au New York hana njia ya kuona kasoro hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo hoja ilipo kali zaidi, maana inamnyima mwenye fedha uwezo wa kuwa hakimu. Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1989, wachoraji wa Yuendumu walitandaza mchoro wa ardhini katika maonyesho makubwa mjini Paris, ukumbini La Villette, mbele ya mchoro wa tope wa Mwingereza Richard Long ukutani. Magazeti yalijadili kama vitu hivyo viwili vyafanana. Laiti Michaels angekuwa hai aijibu hoja hiyo.

Nimechelewa kufika kwenye jambo la wafu. Mwarlpiri akifa jina lake halitajwi, na anayeshiriki jina hilo huitwa Kumanjayi. Hata neno la kawaida lifananalo na jina la marehemu huwekwa kando kwa muda, likatumika jingine. Wanaisimu wajua taabu inayowapata watunga kamusi, na pia utajiri wa visawe unaotokana nayo. Kwa picha, sheria hiyo ina uzito wake. Mwaka 1967 Roger Sandall alikuwa amepiga filamu ya ibada kubwa ya moto ya Wawarlpiri. Ibada hiyo ilipofanywa tena Yuendumu mwaka 1984 filamu ile ilitakiwa kama kumbukumbu, nao wengi waliomo ndani yake walikuwa wamekufa. Wazee waliketi wakaamua wenyewe kwamba yaweza kutazamwa. Hawakufuata kanuni ya makumbusho wala ya mtafiti, walipima mahali, watu na wakati. Mwaka 1986 Michaels aliandika mwongozo mfupi kwa wapiga picha waendao nchi hizo, akieleza mambo hayo kwa unyenyekevu ambao hauonekani katika insha zake nyingine.

Naungama kwamba mwongozo huo ulinichoma. Nilipokuwa ng'ambo nikitayarisha tasnifu yangu nilicheza mbele ya semina kipande cha sauti ya bibi mmoja wa pwani akiimba nyimbo za unyago. Aliniimbia kwa kuwa mimi ni mwanamke niliyechezwa kama yeye. Nilikuwa nimemwomba ruhusa ya kunasa, naye alikubali, na fomu ya chuo ikatiwa kidole. Niliporudi nikamsimulia kwa furaha jinsi sauti yake ilivyosikika ughaibuni. Akaniuliza, "Mwanangu, wanaume walikuwapo?" Walikuwapo. Fomu ile haikuwa na nafasi ya swali hilo. Rekodi ninayo hata leo, na sijaicheza tena mbele ya watu wala kuikabidhi kwa hifadhi yoyote, kwa maana sijui ningeandika nini mahali pa jina la mwenye mali.

Si kusudi langu kumfanya Michaels kuwa mtu asiye na lawama. James Weiner, katika makala ya mwaka 1997, aliwashutumu waandishi wa mkondo wake kwamba hufumba macho wasione jinsi chombo chenyewe kinavyobadili kile kinachoonyeshwa, kwa maana siri iliyonaswa si siri ileile. Shutuma hiyo ina nguvu. Marcia Langton, msomi aliye mwenyewe mwenyeji asilia, alimpima kwa namna nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 alihoji kwamba picha ya Mwaborijini huundwa katika mazungumzo kati ya wenyeji na wageni, si na upande mmoja, na akaandika dibaji ya mkusanyo wa insha za Michaels uliotoka mwaka 1994. Kwa upande wangu nina malalamiko ya kiisimu. Msomaji wa Michaels husikia mengi juu ya video za Kiwarlpiri na hukutana na Kiwarlpiri kidogo mno. Twaambiwa kamera ilisimama penye mti, wala hatuambiwi msimulizi alisema maneno gani iliposimama. Mtu aliyetetea haki ya watu ya kusema kwa lugha yao alituletea maneno yao karibu yote yakiwa yamevaa Kiingereza. Kitabu cha milango, ambacho hadithi zake zimo kwa lugha zote mbili, chamshinda katika hilo.

Miaka yake ya mwisho aliishi Brisbane akifundisha chuoni, akiugua UKIMWI, huku idara ya uhamiaji ikishindana naye juu ya haki ya kubaki nchini. Aliandika shajara ya ugonjwa wake, iliyochapishwa mwaka 1990. Ndani yake mna picha yake mwenyewe iliyopigwa katika ugonjwa wa mwisho, alama za maradhi zikionekana wazi usoni na mwilini. Mtu aliyewafundisha wengine kuzisitiri picha za wafu alitaka yake itazamwe. Nimeifikiria sana picha hiyo, na sioni kwamba alijipinga. Ilikuwa yake, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua nani aione.

Huko Yuendumu kazi haikukoma. Zilikuja kanda za watoto kwa Kiwarlpiri, kisha mwaka 2001 mfululizo wa Bush Mechanics, uliochekesha Australia nzima kwa mafundi wa nyikani watengenezao gari kwa vijiti na nyasi. Na mwaka 2012, miaka 28 baada ya safari ile ya kwanza na miaka 84 baada ya mauaji, Francis Jupurrurla Kelly na David Batty walitoa filamu iitwayo Coniston. Safari hii wazee wenyewe waliketi mbele ya kamera, wakiwa katika nchi yao, wakasimulia kwa lugha yao yale waliyosimuliwa na baba na mama zao.